Mizani, Chenji na Daftari la Mikopo: Mwongozo wa Kuishi Imani Dukani Bila Kuhubiri

Duka langu la kwanza lilikuwa Mbagala, Dar es Salaam, na nililiandika EBENEZER kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kusomeka kutoka kwenye daladala. Ndani kulikuwa na kalenda ya kanisa, stika ya Zaburi ya 23 kwenye friji, na kwaya redioni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Siku moja mtoto wa jirani alirudi na mfuko wa sukari ya nusu kilo. "Bibi kasema upime tena." Nikapima. Ikasoma nusu kamili. Lakini mimi nilijua asichokijua mtoto: mshale wa mizani ile ulikuwa na wiki kadhaa ukianzia juu ya sifuri, na nilikuwa nimeuacha hivyo hivyo. "Mwambie bibi iko sawa," nikasema. Kwaya ikaendelea kuimba.

Haya ninayoyaandika yalianzia hapo. Ni ya Mkristo anayetaka imani yake ionekane kwenye kazi yenyewe, kabla ya stika. Natumia mifano ya duka la rejareja kwa sababu ndilo ninalolijua, ila fundi cherehani, kondakta, karani wa kaunta au mama lishe atajiona humu bila shida.

Jambo moja kwanza, maana huwachanganya wengi. Mathayo sura ya 5 inasema nuru yetu iangaze mbele ya watu wayaone matendo yetu mema. Sura ya 6, mahubiri yale yale ya mlimani, inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Tushike lipi? Mimi nimeishi na jibu hili: kazi njema iachwe ionekane, lakini wema uliomtendea mtu fulani ubaki kati yako na yeye, na ikiwezekana hata yeye asiujue.

Hatua ya kwanza: itafute mizani yako

Kila kazi ina kipimo ambacho mteja hawezi kukihakiki, na imani yako inaanza kupimwa hapo. Dukani ni mizani yenyewe. Kwa fundi cherehani ni kitambaa kinachobaki: mteja kaleta mita tatu, gauni limekula mbili na nusu, nusu iliyobaki iko wapi? Kwa mwalimu na karani ni muda. Kwa fundi gereji ni kile kifaa anachosema amekibadilisha. Kwa anayenunua mazao shambani ni lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba mpaka likapita kilo 100 zinazoruhusiwa huku mkulima akilipwa kama gunia moja. Kitafute chako ukiwa peke yako, ukitaje kwa jina.

Kwa wenye duka, fanya hivi. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza futa sahani ya mizani. Unga na sukari vya jana vina uzito. Hakikisha inasoma sifuri ikiwa tupu. Nunua jiwe la kilo moja lililohakikiwa na ulipime hapo, kila siku, sekunde kumi tu. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya biashara mara moja kwa mwaka na kubandika stika. Usiwakwepe, wala usisubiri waje na gari ndipo ukumbuke. Kisha igeuze mizani imtazame mteja. Nilipoigeuza yangu nilishangaa jinsi nilivyoona aibu, na aibu ile ilinifundisha zaidi ya mahubiri mengi.

Usisahau kopo la mafuta. Kuna makopo yaliyobonyezwa kitako, na sado zilizokandamizwa ubavuni kwa moto. Ukirithi duka ukakuta kopo la namna hiyo, usimwachie mwingine. Litoboe.

Hatua ya pili: chenji

Pipi si hela. Najua coin ni shida, najua shilingi 50 imekuwa kama dhahabu, lakini mteja uliyempa pipi mbili badala ya mia yake hawezi kesho kukulipa kwa pipi. Ongea na makondakta wa asubuhi wakuvunjie noti. Wao wana coin nyingi na wanafurahi kupunguza mzigo. Ukikosa kabisa, andika deni la chenji kwenye karatasi, mpe mteja nusu, wewe baki na nusu. Ukianza kuandika deni ulilonalo wewe kwa mteja, kama unavyoandika lake kwako, mnaanza kutazamana sawa.

Watoto wanaotumwa dukani wanahitaji uangalifu wa pekee. Mhesabie kwa sauti, zifunge hela kwenye karatasi na uandike juu yake kiasi. Mtoto akipoteza mia tano njiani akapigwa nyumbani, kile kikaratasi ndicho shahidi wake.

Mtu akikutumia pesa kimakosa kwenye simu, usiitoe, usisubiri apige kelele. Lakini usirudishe kwa kumtumia namba yoyote itakayokupigia, kwa sababu matapeli wanaishi hapo. Pitia huduma kwa wateja ya mtandao wenyewe, muamala urudi ulikotoka. Wema usio na akili humnufaisha mwizi.

Hatua ya tatu: mlipe anayekusaidia kabla ya kutoa sadaka

Kuna kijana anafungua duka lako alfajiri na kulala stoo akilinda mali. Torati, Kumbukumbu 24, inaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, na Yakobo katika sura ya 5 anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele wenyewe. Sioni namna ya kuzungukia maneno hayo. Ukitoa bahasha nene ya ujenzi wa kanisa Jumapili ilhali kijana hajalipwa tangu tarehe 30, bahasha ile ina hela za kijana.

Panga tarehe na uishike. Kama duka limekwama, mwambie mapema, kwa mdomo wako, na umlipe sehemu. Usimkate upungufu wa droo ambao hamjaukagua pamoja. Usimgombeze mbele ya wateja, mwite nyuma. Mpe siku ya ibada, na kama ni Mwislamu, Ijumaa mchana mwache aende bila kukuomba kila wiki kana kwamba ni fadhila mpya. Chakula chake kisiwe makombo. Nimemaliza, hapa hapana maelezo mengi, pana kufanya tu.

Hatua ya nne: daftari la mikopo

Hapa ndipo penye kazi. Kila duka la uswahilini lina kibao cha "Leo fedha, kesho mkopo", na kila duka hilo hilo lina daftari chini ya meza. Kuhusu daftari hili mwalimu wangu ni Boazi, mwenye shamba katika kitabu cha Ruthu. Sheria ya Walawi 19 ilimtaka mwenye shamba asivune mpaka pembeni, abakishe kwa maskini na mgeni. Boazi akaenda mbele zaidi: katika Ruthu sura ya 2 aliwaagiza wavunaji wake wachomoe masuke kutoka kwenye miganda na kuyaacha yaanguke, kusudi Ruthu, mjane mgeni, aokote, na wasimkaripie. Ruthu alirudi nyumbani amebeba jasho lake, hakubeba msaada. Tofauti hiyo kwa mtu mwenye njaa ni kubwa kuliko shayiri yenyewe.

Basi fanya hivi kwenye daftari lako.

Lifiche. Nimeona maduka yaliyobandika majina ya wadaiwa ukutani, "Mama Fulani 12,500", kila apitaye asome. Deni linalipwa, ndiyo, lakini mwanamke yule hatapita tena njia hiyo, na watoto wake watachekwa shuleni. Daftari likae chini, na usilifunue akiwa amesimama mtu mwingine kaunteni.

Dai faraghani. Ukimkuta njiani msalimie kwanza, uulize hali ya nyumbani, umwache apite. Deni liulizwe siku ile anayopata hela, na hilo unalijua: fundi ujenzi hulipwa Jumamosi, mwalimu mwisho wa mwezi, muuza samaki jioni.

Tenga fungu la masuke. Amua ni kiasi gani cha faida ya mwezi kinaweza kupotea bila duka kuyumba. Mimi nilianza na shilingi 30,000. Fungu hilo halina jina la mtu. Mgonjwa anayehitaji glukosi, bibi aliyeishiwa unga tarehe 25, mtoto aliyetumwa na mia mbili kununua kitu cha mia tatu, wote wanakula humo. Likiisha, limeisha mpaka mwezi ujao. Kiwango hiki ndicho kimenisaidia kuwa mwema kwa miaka badala ya miezi mitatu, maana duka likifa kwa mikopo, mtaa mzima utatembea mbali kununua chumvi.

Jua kukataa. "Dada, mwezi huu nimefika mwisho, nisamehe. Lakini chukua hii robo ya unga ya leo, hiyo si deni." Kataa mara moja, kwa sauti ya chini, bila historia ya madeni yake ya nyuma.

Na ukisamehe deni, lichane. Usimwambie mtu "nimekusamehe" kila mkikutana. Sema, "Ule ukurasa tulishaufunga, tuanze mwingine," kisha uuze kama kawaida. Asipolipa na huo wa pili, usimkopeshe wa tatu. Kusamehe na kukopesha ni mambo mawili.

Onyo kwa walioajiriwa: ukarimu kwa mali ya bosi bila ruhusa yake ni wizi wenye tabasamu. Omba ruhusa, au toa mfukoni mwako.

Kuna jambo jingine la daftari ambalo halimo kwenye daftari. Maskini hununua ghali. Tuseme kilo ya sukari unauza 3,000. Robo inapaswa kuwa 750, lakini kwa kukosa coin tunaiuza 800. Asiye na hela ya kilo ananunua robo nne kwa wiki, analipa 3,200. Yaani anayelipa zaidi ni yule asiyekuwa nazo. Kaa chini na karatasi upitie bidhaa zako za kupima: sukari, mafuta, unga, mchele, sabuni ya unga. Palipo na nafasi, shusha robo iwe 700 na ulipize kwenye soda na muda wa maongezi, au tafuta hizo hamsini uuze 750. Hakuna atakayekusifu, kwa sababu hakuna atakayejua. Ndivyo tunavyotaka.

Hatua ya tano: ulimi

Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani zaidi ya mara moja. Alipokuwa mtawa katika mji wa Schio, Italia, alipika, akashona, na kwa miaka mingi alikuwa mfungua mlango wa nyumba ya watawa. Watu wa mji walimkumbuka kwa sauti yake ya upole pale mlangoni. Alifariki 1947, na mwaka 2000 Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu. Hakuwa na mimbari. Alikuwa na mlango, na wewe una kaunta.

Kwa hiyo shikamoo zitoke, hata kwa mzee mlevi anayekuja kuomba sigara moja. Mteja mkali mwache amalize; mtu anayefoka kwa sababu ya mia moja mara nyingi ametoka kupokea habari nyingine mbaya kuliko mia moja. Usijibu salamu huku unatazama simu.

Zaidi ya yote, duka linajua siri za mtaa. Linajua nani kaacha kununua nyama, nani ananunua kondomu, binti wa nani katumwa pedi. Pedi ifunge kwenye gazeti bila kuombwa na bila kutabasamu. Wakija wapambe kukuuliza "Eti yule siku hizi anakopa?", jibu lako ni moja: "Mimi nauza tu." Watakuona mkavu. Sawa.

Hatua ya sita: jirani asiye wa kanisani kwako

Mbagala nusu ya wateja wangu walikuwa Waislamu. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza ndani ya wiki moja, na tulifunga pamoja, kila mtu kwa njia yake. Mambo madogo yanatosha: usipandishe sukari na tende kwa sababu unajua zitanunuliwa tu, wala usipandishe mchele Krismasi. Kama mnafanya kazi kwa zamu, ichukue zamu ya jioni mwenzako akafuturu kwake. Nilifanya hivyo kwa jirani wa duka la vipuri. Tarehe 25 Desemba alinilindia duka bila kuambiwa.

Usitumie wema kama chambo. Unga uliotoa usiambatane na kipeperushi cha mkutano wa injili, na mgonjwa uliyempelekea uji usimwombee kwa sauti kama hajakuomba. Mtu akihisi kuwa ananunuliwa, hata wema wa kweli utanuka. Lakini akikuuliza mwenyewe, "Kwa nini ulirudisha ile hela?", usijifanye huna sababu. Petro, katika waraka wake wa kwanza sura ya 3, anasema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, kwa upole. Sentensi moja inatosha: "Mimi ni Mkristo, nisingelala nayo." Kisha mpe chenji yake.

Hatua ya saba: mahali pa kukataa

Wapo wanaodhani upole ni kukubali kila kitu. Yohana Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru na askari waache kazi. Kwa mujibu wa Luka 3 aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, wasidhulumu, watosheke na mishahara yao. Yaani baki kwenye kiti chako, ila uchafu wake uukatae.

Ukiletewa katoni za bei ya ajabu usiku, zisizo na risiti, usinunue, hata kama muuzaji ni shemasi. Mteja akitaka risiti ya 80,000 kwa bidhaa za 50,000 ili akadai ofisini kwake, mwandikie 50,000. Bosi akikuambia upunguze kipimo, chukua njia ya Danieli. Yeye na wenzake walipopangiwa chakula cha mfalme wasichokitaka, hakugoma mezani. Alimwomba msimamizi awajaribu kwa siku kumi, kisha aamue. Vivyo hivyo unaweza kusema, "Bosi, mimi hiyo sitaiweza. Naomba mwezi mmoja tupime sawa, tuangalie mauzo." Wateja wakiongezeka umemsaidia. Akikataa kabisa, anza kutafuta kazi nyingine huku ukiendelea kupima sawa. Inaweza kukugharimu kazi hiyo, na sitakudanganya kwamba nyingine itakuja wiki ile ile.

Hatua ya nane: droo ikishafungwa

Usiku, hesabu zikiisha, kaa dakika tano kabla ya kuzima taa. Pitia nyuso za leo. Nani nilimjibu vibaya? Kesho akija, mwombe radhi kabla hajanunua, isionekane umefanya kwa ajili ya hela. Mtaje mbele za Mungu yule mwenye shida, kimya kimya. Kisha nenda nyumbani, maana wema wa dukani unaofika nyumbani umegeuka ukali ni maigizo tu.

Na hayo uliyoyafanya usiyapeleke kwenye ushuhuda wa jumuiya wala kwenye status. Najua mkono unawasha. Mimi nimeyaandika machache hapa, na hata haya nimeyakata mara mbili.

Hatua ya tisa: ulichokwisha kula

Zakayo, mtoza ushuru, alipogeuka aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Wengi wetu hatuwezi kuwapata wote tuliowapunja; walihama, wengine wamefariki. Wanaojulikana rudishia. Wasiojulikana, peleka thamani yake kwenye fungu la masuke.

Yule bibi wa sukari nilimjua. Nilinunua mizani mpya, na kwa miezi kadhaa kila alipotuma mtoto niliongeza kiganja juu ya kipimo. Siku moja alikuja mwenyewe, mkongoja mkononi, akaweka mfuko kaunteni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mangi." Mimi si Mchaga, lakini ukiwa na duka Dar utaitwa Mangi. "Pima hii tena. Umezidisha, na si mara ya kwanza. Sipendi kula haki ya mtu."

Ikabidi nimwambie: mshale, wiki zile, mtoto niliyemrudisha na jibu la uongo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," akasema. "Siku ile nilikwenda kupima kwa jirani. Haya, nipe chumvi ya mia mbili."